Mke Mwenzangu wa Ng'ambo ya Daraja

Mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori, mimi nikipika chapati na maharagwe ya kuuza mtaa wa Hai Cinema. Tuliingia Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini tukitokea Uganda: mimi kwetu, yeye kwenye kambi ya wakimbizi alikokulia. Kazi yake ilikuwa porini, ng'ambo ya daraja, na huko alikuwa na simba jike mmoja ambaye majirani walinitania kuwa ndiye mke mwenzangu. Nilicheka nao, lakini jamani, wivu niliusikia.

Maana alimjua yule! Alijua kwamba akikaribia kuzaa hujitenga na wenzake, na watoto huwaficha kichakani wiki kadhaa, hata baba yao asiwaone. Vita vipya vilipoingia yule simba alikuwa amezaa watatu. Mume wangu alilala kifudifudi kwenye nyasi kila siku, upepo ukimjia usoni, akiwatazama wakimpanda mama yao mgongoni na kumng'ata masikio. Shati lake la kazi nililifua kwa maji matupu.

"Sabuni hapana, mama watoto," alikuwa akiniambia. "Akinusa mtu tu, anawahamisha."

Risasi zilipoanza kulia mjini, majirani wakafunga virago. Nikamwambia twende Uganda na watoto wetu wawili. Akasema ningoje kidogo, wale wadogo hawajaweza kutembea vizuri. Wadogo wa nani? Nilipandwa na hasira. Alipokwenda kuoga nikalichukua lile shati, nikalifua kwa sabuni ya kuogeshea watoto, ile inayonukia maua, tena mara mbili. Kesho yake akalivaa, akaondoka.

Siku hiyo chapati ziliungua. Mimi niliyesema wale ni wanyama tu, kumbe nilikuwa nahofia wale wadogo wasije wakafa. Simba akihama hubeba mtoto mmoja mmoja, kwa ngozi ya shingo, na anayebaki nyuma fisi akimkuta, khalas, amekwisha.

Mume wangu alirudi jua likiwa bado juu, akaketi mkekani. Nikampa chai.

"Amehama," akasema. "Kachukua wa kwanza, kachukua wa pili. Wa tatu akabaki analia peke yake. Nimengoja mpaka miguu ikafa ganzi."

"Akarudi?"

"Akarudi. Akamlamba kwanza, ndipo akambeba."

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote: sabuni niliitia mimi, nilifanya makusudi, nilitaka akose cha kumweka Juba. Nikamwomba anisamehe. Nilikuwa tayari anipigie kelele, na ningeona nafuu.

"Niliinusa kabla sijavaa," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi alilivaa.

"Wanajeshi wamepiga kambi karibu na kile kichaka, wanawinda nyama. Pale si mahali pa watoto tena. Kwa hiyo nikavaa, nikahamia upande upepo unakotoka, nikasimama wima ili aninuse."

Akanishika mkono, mkono wangu wenye unga. Nilimpenda mtu yule siku ile kuliko siku aliyonioa. Watoto wetu walikuwa wanagombania kikombe pale mlangoni. Akawatazama muda mrefu, kisha akaniuliza lori za kwenda Nimule, mpakani na Uganda, zinaondoka kituo cha Sherikat saa ngapi.