Begi la Mgeni

Bi Pindo alijua kwamba anahamishwa siku fundi simu alipokuja kupima ukuta wake.

Alikuwa ameinamia cherehani, anamalizia kola ya shati la sare, aliposikia chuma kikikwaruza nyuma yake. Akageuka. Kijana mmoja, ambaye banda lake la kutengeneza simu liko ng'ambo ya barabara, alikuwa amesogeza nguo za wateja zilizoangikwa na anapitisha futi ya chuma ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani.

"We kijana, unampimia nani jeneza?"

"Shikamoo mama. Sipimi jeneza, napima rafu."

"Marahaba. Rafu za nani?"

"Zangu." Kijana alitabasamu kama mtu aliyeleta habari njema. "Meneja kaniambia chumba kitakuwa wazi, maana unahamia kwa binti yako."

Meneja alikuwa mwanawe wa kwanza. Hakuwa meneja wa kitu chochote. Alikuwa karani katika kampuni ya bima. Jina hilo alilipata utotoni, kwa tabia yake ya kuwapanga wenzake mstari hata wanapokwenda kuchota maji. Na yeye Bi Pindo jina lake alilipata hapa hapa, kwenye chumba hiki cha mbele. Mtu akipita na suruali iliyofumuka upindo, aliitwa ndani, akapewa shuka ajifunge nyuma ya pazia, na kabla hajamaliza kuona haya suruali yake ilikuwa tayari. Nusu ya mtaa ule ilishawahi kukaa nyuma ya pazia lile bila suruali.

"Pima vizuri, mwanangu," alisema, akarudi kwenye kola yake. "Halafu ukatafute ukuta mwingine unaolingana na huu."

Jioni Meneja alikuja, na hakuja mikono mitupu. Alikokota sanduku la magurudumu, jeusi, lenye ukubwa wa friji ndogo. Akalisimamisha katikati ya chumba, na chumba kikajaa.

"Mama, usikasirike kwanza."

"Sijakasirika. Nashona."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Binti yake wa mwisho, aliyeolewa nchi nyingine, alikuwa amejifungua, na alimwomba mama aende akamsaidie miezi miwili. Tiketi alikwishatuma, ya kwenda na kurudi. Ilikuwa ya shirika moja la bei nafuu, lile ambalo watu wanasema hata kuvuta pumzi utatozwa. Tiketi hiyo ilimruhusu abiria begi moja dogo la mkononi, basi.

"Ndiyo maana nitakulipia mzigo," Meneja alisema. "Sanduku hili litaingia chini ya ndege. Weka kila unachokihitaji. Nguo zote, mashuka, vyombo ukitaka."

"Kwa miezi miwili?"

"Mama, tarehe ya kurudi inabadilishwa. Macho yako yanatoa machozi ukitunga uzi. Mwaka jana ulishona mkono wa gauni ndani nje, mwenyewe ulicheka, mimi sikucheka. Mgongo nao unaujua. Pale kwa dada utapumzika, utalea mjukuu. Utafute nini hapa?"

Bi Pindo aliinua mguu kutoka kwenye pedeli. Alijua kwamba mwanawe anampenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtu asiyekupenda unamfukuza kwa ufagio, lakini huyu utamfanyaje?

"Nisikilize," alisema. "Mgeni huja na begi. Anayekuja na sanduku amehama. Nikiingia kwa mkwe wangu na hili jokofu lako, atanihesabia chakula cha mwaka mzima, na mimi mwenyewe, nikilifungua, nitajua kwamba sirudi. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wangu ni huu." Akapiga meza ya cherehani kwa kiganja. "Nitakwenda na begi la mkononi."

Meneja alicheka. "Huliwezi. Mama, wale wana kizimba cha chuma pale kaunta. Begi lisipozama ndani, unalipa au unaliacha. Nimeona watu wazima wanalia."

"Langu litazama."

"Na lisipozama?"

"Lisipozama, lete sanduku lako, nitapanda nalo na chumba mpe umpendaye. Likizama, utampigia fundi simu mbele yangu, umwambie chumba kina mwenyewe."

Meneja alinyoosha mkono. Walipeana mikono juu ya cherehani kama wauza ng'ombe.

Kesho yake Bi Pindo alivaa futi yake shingoni na kwenda kwa wauza mabegi. Vipimo alivipata kwa binti yake: arobaini kwa thelathini kwa ishirini, sentimita, na kila kitu kinahesabiwa.

"Hili, mama, linaingia ndege zote duniani," alisema muuzaji wa kwanza, akampa begi jekundu la magurudumu.

Akalipima. Mwili wa begi ulitosha. Akashuka chini, akapima tena kuanzia sakafuni.

"Aa, mama, magurudumu hayahesabiwi!"

"Kisigino si sehemu ya kiatu?"

"Kisigino ni... lakini..."

"Basi gurudumu ni sehemu ya begi." Akalirudisha.

La pili lilikuwa gumu kama ganda la kobe. Lilitosha kwa nje, lakini lilikuwa zito likiwa tupu, na ukilifungua, nafasi ya ndani ilimezwa na vyuma vya mpini. La tatu lilikuwa laini, zuri, ila lilikuwa na mfuko mbele uliotuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Muuzaji alisema mfuko huo ukiwa mtupu unalala. Bi Pindo alimuuliza ni nani anayenunua mfuko ili ukae mtupu. La nne alilipenda, akalipima mara mbili, na kipande cha mpini kilichochomoza juu kikamkatalia. Alitoka dukani bila kununua, na muuzaji akabaki akiwaambia majirani kwamba leo amepimwa hadi yeye mwenyewe.

Ndipo alipoamua kulishona.

Alikuwa na kitambaa kizito cha viti, kijani chenye mistari, kilichobaki kwa mteja aliyebadili rangi ya sebule. Alikata kwa chaki, akaweka zipu ndefu, akatia mikanda miwili ya kubebea begani. Halikuwa na magurudumu, wala chuma, wala mfuko wa mbele. Lilipokwisha alilitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kosa katika kazi ya mwenzake, na hakuliona. Fundi simu alipita mlangoni, akasimama.

"Mama, begi zuri. Unaniuzia?"

"Na wewe unaniuzia futi yako?"

Kijana alikwenda zake.

Asubuhi ya safari Meneja alikuja na gari la kukodi. Bi Pindo alitoka na begi lake mgongoni, limejaa na limetulia: magauni matatu, kanga za mtoto, nguo za ndani, viatu vya kubadilisha, na sweta aliyomfumia mjukuu. Alipoingia garini aliona kiti cha nyuma kimekaliwa na sanduku jeusi.

"Hilo nalo linakwenda wapi?"

"Linasindikiza," Meneja alisema.

Kaunta ya shirika lile ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na vyoo. Kizimba kilisimama pembeni, cha chuma, kimechubuka rangi kwa mabegi ya watu. Binti wa kaunta alikuwa na adabu na usingizi.

"Mama, naomba uliweke begi hapo."

Bi Pindo alilishusha mgongoni, akaliingiza. Likaingia kidogo, likasimama. Akalisukuma. Likakataa, limetuna pande zote mbili kama mtu aliyezuia pumzi.

"Nilikwambia, mama," Meneja alisema taratibu. Hakusema kwa kebehi, na ingekuwa heri angesema kwa kebehi. "Ngoja nikalete sanduku garini."

Akaondoka kwa hatua ndefu. Bi Pindo alivua futi shingoni, maana alikuwa amekuja nayo bila kujua, akalipima begi lake. Lilizidi vidole viwili kila upande. Alipima tena. Vilevile. Vipi? Alikata mwenyewe, kwa chaki, kwa vipimo vyao!

Kisha akajua, na uso ukamwaka moto. Miaka yote ile hajawahi kukata nguo kwa kipimo cha mwili peke yake. Nguo ikilingana na mwili kabisa haivaliki. Mtu akikaa inapasuka, akila inambana. Kwa hiyo unaongeza nafasi ya kupumua. Hufikirii tena, mkono unaongeza wenyewe, kama mpishi anavyotia chumvi. Alikuwa amelishonea begi gauni. Aliliachia nafasi ya kukaa na kula, na lilikuwa limekaa na limekula.

"Mama," alisema binti wa kaunta, "tulipie mzigo tu, ni rahisi zaidi."

"Kwa nani?"

Alikaa chini sakafuni, akafungua zipu, akamwaga kila kitu juu ya mtandio wake. Akaligeuza begi ndani nje. Kwenye upande wa ndani wa kola yake kulikuwa na sindano, ambayo hukaa hapo siku zote, imezungushiwa uzi mweusi. Akakunja kitambaa upande mmoja, vidole viwili kamili, akaanza kushikiza mkunjo kwa mishono mirefu, kama anayempunguzia bwana harusi koti asubuhi ya harusi.

Uzi ulikataa kuingia tunduni mara ya kwanza. Na ya pili. Macho yakamtoka machozi, na alishukuru kwamba Meneja hayupo. Mara ya tatu ukaingia.

Mstari nyuma yake ulianza kunung'unika. Bwana mmoja mwenye suti alisonya.

"Mama, hapa si kiwandani!"

"Basi usiniongezee kazi," alisema Bi Pindo bila kuinua kichwa. "Suruali yako imefumuka nyuma."

Bwana alijishika nyuma haraka, na mstari mzima ukacheka. Ilikuwa kweli.

"Mama, kaunta inakaribia kufungwa," binti alisema, lakini sasa alikuwa amechuchumaa karibu yake, anamshikia kitambaa kisicheze.

"Vuta huku. Hapo. Usilegeze."

Upande wa pili ulikwenda haraka kuliko wa kwanza. Alikata uzi kwa meno, akaligeuza begi, akarudisha nguo. Sasa hazikutosha. Akavaa gauni moja juu ya gauni, akavaa na viatu vya kubadilisha, vilivyokuwa vinene, vile vya mwanzo akavibana bapa ndani ya begi, chini kabisa. Sweta ya mtoto hakuigusa. Ilikaa juu kabisa. Akafunga zipu akiwa amepiga goti juu yake.

Alisikia magurudumu. Meneja alikuwa anakuja, anakokota sanduku jeusi katikati ya watu, jasho linamtoka. Alipofika akamkuta mama yake amenenepa, amesimama wima mbele ya kizimba.

"Mama, umefanya nini?"

"Tazama tu."

Aliliingiza begi. Pembe moja ikanasa. Akaisukuma kwa kidole gumba, kama anavyosukuma bega la pamba ndani ya koti, na begi likateremka lote, likagonga chini.

"Sasa litoe," Meneja alisema. Bado hakuwa amekata tamaa.

Akavuta. Kizimba kikanyanyuka pamoja na begi. Binti wa kaunta akaweka mguu juu ya chuma, akavuta naye, likatoka.

"Limeingia," binti alisema. "Kutoka hakumo kwenye masharti."

Bwana mwenye suti ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha akaurudisha mkono mmoja nyuma haraka.

"Mpigie," Bi Pindo alisema.

"Mama, utachelewa. Nitampigia kesho."

"Tulipeana mikono. Mpigie sasa, na sauti iwe wazi."

Meneja alimtazama mama yake: magauni mawili, futi imerudi shingoni, macho mekundu. Akatoa simu.

"Fundi," alisema, "lile jambo la chumba halipo tena. Kina mwenyewe."

"Meneja! Mbona nimeshachonga rafu?"

Bi Pindo aliinamia simu. "Nipe miezi miwili, mwanangu. Nitazinunua mimi. Nina vitambaa havina pa kukaa."

Fundi akajibu: "Sawa, mama. Safari njema."

Binti wa kaunta alimwambia kwamba sindano haitaruhusiwa ndani. Bi Pindo aliichomoa, akaichomeka kwenye mfuko wa shati la mwanawe, karibu na kalamu. Kisha akalitazama sanduku. Lilisimama kwa uzito, halikuwa tupu.

"Umeweka nini humu?"

Meneja alilaza sanduku chini, akafungua zipu kiasi cha mkono. Ndani yalionekana mashuka ya Bi Pindo, pasi yake, na kona ya saa yake ya ukutani. Alikuwa amevikusanya asubuhi ile, mama yake akioga.

Bi Pindo alizungumza kama anavyozungumza na mteja aliyemletea kitambaa alichokwisha kukikata vibaya mwenyewe.

"Utarudi navyo. Mashuka kabatini, rafu ya chini. Pasi mezani, siyo kitandani."

"Ndiyo, mama."

"Na usikunje mashuka kama unafunga maandazi."

"Ndiyo, mama." Akasita. "Na saa?"

"Itundike. Msumari uko palepale."

Akalitupia begi lake mgongoni na kupita.