Kuku wa Kumsalimia Mganga

Mpaka leo sauti ya vifaranga siipendi, na wajukuu hudhani ni ukorofi wa uzee. Niliisikia asubuhi moja huko Baraka, miaka ile ya hamsini Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, nikapiga makofi kwa furaha, mjinga mimi, kwani nyumba nzima ilikuwa imeingojea siku tisa.

Tulikuwa tumehamia Baraka kwa mtumbwi kutoka Ubwari: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Riziki, ambaye hata meno yalikuwa hayajamkamilika. Tulikuja na nyavu, masufuria mawili, mkeka na kuku mmoja mwekundu aliyetaka kuatamia. Kule Ubwari mganga wa zahanati alikuwa kama mtu wa nyumbani. Sote alitudunga sindano, akajua nani hulia kabla ya kuguswa. Baraka nako zahanati ilikuwepo, tena karibu, ukuta wake mweupe tuliuona tukiwa mlangoni. Ila mganga wake hatukumjua. Homa ilipomshika Riziki, kuku akiwa ameatamia siku kumi na mbili, Mama alimfunga mtoto mgongoni aondoke naye, Baba akamzuia. "Mama Riziki, tutaenda kwa muntu mikono mitupu? Hata jina yetu habajue. Tungoje kuku itotoe kwanza, tumupelekee." Kumpelekea dagaa hakutaka hata kusikia, nani Baraka alikosa dagaa? Baba hakuwa mtu mbaya, jamani. Haya ya ugeni ndiyo iliyombana.

Mimi nilipewa kazi ya kumlinda kuku asisumbuliwe. Siku moja Riziki alitetemeka mpaka mkeka ukachakacha, siku ya pili akapata nafuu, nasi tukajidanganya kuwa inapita. Siku za nafuu alijikokota hadi kwenye kikapu amshike kuku mgongo, nami nikamfukuza. Mara moja nilimpiga kofi mkononi. Alinitazama tu, hakulia. Nilidhani amekuwa mtiifu, kumbe nguvu za kulia zilikuwa zimemwishia. Lo, kofi lile!

Vifaranga saba vilipotoka, tuliviacha ndani ya kikapu vikilia, tukaenda zahanati, Riziki mgongoni kwa Mama, kuku kwapani mwa Baba. Mganga, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimfunua Riziki jicho, na upole ukamtoka. "Mama, uyu mutoto damu imemuishia! Mulikuwa wapi siku zote?" Baba akamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Mganga akamtazama kuku, akamtazama Baba. "Kuku ya nini, baba? Mi nilitaka mutoto tu." Riziki alikata roho mikononi mwa Mama, sindano ikiwa bado inachemshwa. Tulirudi nyumbani na kuku wetu, akaenda moja kwa moja kwa watoto wake.

Mwaka jana nilihamia Uvira kwa binti yangu. Kabla sijafungua mzigo nilimwambia anipeleke kwa daktari. "Mama, unaumwa?" Siumwi, nikamwambia, nataka anijue. Daktari, kijana wa rika la mjukuu wangu, hakuuliza natoka wapi wala nimeleta nini. Aliandika jina langu, akanipima presha mkononi, akaita mwingine. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi nikalia, binti yangu akadhani nimeambiwa ugonjwa mbaya. Nilikuwa nalia kwa sababu kazi yenyewe ya kujulikana ilikuwa imechukua dakika tano.