Filamu ya Skeiti Tuliyoiona Mbita

Enzi zetu pale Mbita, filamu moja ilitosha wiki nzima. Tuliitazama Jumamosi, tukaiigiza Jumapili baada ya kanisa, na kufikia Ijumaa kila mtoto alikuwa na namna yake ya kuisimulia, na kila namna ilikuwa na risasi nyingi kuliko ile ya jana. Siku hizi binti yangu Achieng hutazama filamu huku akichati kwenye simu, na isiponoga ndani ya dakika mbili anairukisha mbele. Nikimuuliza kisa kilikuwa nini, ananiambia nisubiri asome maoni ya watu.

Wenye umri wangu watakumbuka ile filamu ya vijana wa Kimarekani na vile vibao vya magurudumu, skeiti. Sisi tuliitazama katika ukumbi wa video karibu na ufuo, jengo la mabati ambalo madirisha yake yalizibwa kwa magunia. Nje omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imeanikwa juani, kwa hiyo hata Wamarekani wa kwenye runinga walinuka omena. Tuliketi kwenye mabenchi yenye misumari iliyochomoza, mfukoni una nyoyo zako, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, unatafuna moja moja ili zifike mwisho wa filamu.

Mbele ya runinga alisimama mtu tuliyemwita Japuonj, yaani mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha popote. Kazi yake ilikuwa kutufasiria. Alishika maikrofoni na kijiti, akaeleza kila jambo kwa Kijaluo, na palipokuwa na wageni kutoka upande wa Wakuria alichanganya na Kiswahili. Tuliamini kwamba hakuna Kiingereza kilichomshinda. Mwigizaji akifungua mdomo kidogo tu, Japuonj alituletea maneno ya dakika nzima.

Nyumbani, wakati huo, hapakuwa na amani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kaka yangu Ouma kumi na saba. Mvulana wa Kijaluo akifika umri huo halali tena nyumba moja na wazazi wake, hujijengea kibanda chake karibu na lango la boma, nacho huitwa simba. Mimi nilikitamani kibanda hicho kuliko chakula. Nilichoka kulala kwa dani, nyanya yetu, nikibanana na wadogo zangu waliokojoa kitandani kwa zamu. Nilikuwa nimeshakata nyasi za kuezekea na kukusanya fito. Tatizo lilikuwa Ouma. Yeye ndiye kifungua mimba, na desturi yetu haina mzaha: mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Na Ouma hakujenga. Msimu ulipita, mwingine ukapita, nyasi zangu zikaanza kuliwa na mchwa.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nikasema mbele ya Baba na wageni wake kwamba Ouma ni mvivu, na kama hawezi kujenga aseme tupishane. Baba aliweka kikombe chini akaniambia, "Katika boma hili kivuli hakitangulii mtu." Ouma aliondoka, na kuanzia siku hiyo hakunisemesha tena. Tulipitana langoni kama watu waliotoka nchi mbili. Wiki ya tatu nikaamua yatosha. Nikafunga nguo zangu kwenye begi na kulisukuma chini ya kitanda cha dani. Niliazimia Jumapili niondoke kwenda kwa mjomba Migori, nikasome huko, nisirudi. Nilikuwa na hasira ya kweli, ile ya mtoto anayeamini kwamba akiondoka watu wote watajuta.

Jumamosi mchana nikaenda video, niage kwa heshima. Ndiyo siku iliyoletwa filamu ya skeiti.

Vijana wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walikuwa wanajenga kitu cha mbao nyuma ya nyumba. Japuonj akagonga runinga kwa kijiti akatuambia kwamba hawa ni ndugu, mtu na mdogo wake, na hiyo wanayojenga ni simba. Hakuna aliyeshangaa. Ulimwengu mzima tulidhani una simba na lango na dani. Akaendelea kwamba mdogo anamchukia mkubwa kwa kuchelewesha ujenzi, na hajui kinachomsumbua mwenzake. Kwamba mkubwa akishajenga, wazee watamwambia aoe, na akioa shule ndiyo basi, naye anataka kumaliza shule. Kwamba ameona haya kulisema hilo kwa baba yake. Mbele kidogo watu wa mji wakaja na kuzivunja zile mbao. Yule mrefu akamgeukia mfupi, akasema neno fupi tu. Japuonj akashusha sauti: "Mdogo wangu, sikuzuii. Nakuomba mwaka mmoja tu."

Nililia. Nilijifuta kwa shati, nyoyo zikamwagika sakafuni, nikaendelea kulia. Nikarudi nyumbani nikazitoa nguo zangu kwenye begi. Jioni hiyo nikamuuliza Ouma kama amewahi kuona beringi za gari zilizokufa. Akasema zipo gereji. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza baada ya wiki tatu, na hatukuomba msamaha zaidi ya hapo.

Kesho yake tukaunda skeiti. Ubao ulitoka kwenye mtumbwi mbovu, beringi nne zikatoka gereji, na mahali pa kuteleza hapakuwa pengine isipokuwa sakafu ya saruji ya banda la samaki, iliyojaa magamba. Ukianguka pale ulinuka mbuta hadi Jumatano. Mama alisema Mungu ametupa miguu nasi tunamrudishia. Ndani ya mwezi Mbita nzima ilikuwa na skeiti, na zile beringi zilipiga kelele hata katekista akalalamika kwamba watu hawasikii sala. Ouma alipomaliza mtihani wa kidato cha nne alijenga simba yake, mimi nikiwa juu ya paa nikiezeka. Wiki iliyofuata akaniezekea yangu.

Sasa naishi Uriri, na Ouma ana biashara ya omena kisiwani Remba. Likizo hii Achieng aliikuta filamu yenyewe mtandaoni. Nilifurahi kupita kiasi. Nikakalisha familia, nikawaonya waandae leso.

Achieng hakuhitaji leso. Alisema yule anayeigiza kijana wa miaka kumi na sita ana mvi. Alisema msichana wa filamu hana kazi isipokuwa kupiga makofi, na kila yule kijana anapofika mahali pa kuruka anayeruka ni mtu mwingine mwenye wigi. Alisoma maoni ya wachambuzi, na wote walikuwa upande wake. Nilivumilia. Nilijua sehemu ya ndugu inakuja.

Haikuja. Zile mbao zilikuwa mteremko wa kurukia, basi. Watu wa mji walipouvunja, yule mrefu akamgeukia mfupi, nami nikajiinamia tayari. Kiingereza changu cha leo kikasikia vizuri kabisa. Alikuwa anauliza nani amekunywa soda yake.

"Dadi, hawa si ndugu," Achieng akaniambia. "Hawakuwa wanajuana hadi katikati ya movie."

Sikucheka. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona huzuni. Ilikuwa kama miaka yote nimemshukuru mtu ambaye hakunifanyia chochote. Nikatoka nje nikampigia Ouma simu, nikamweleza kwamba Japuonj alitudanganya, hakuwa anajua Kiingereza hata cha kuomba maji.

Nyuma ya Ouma nilisikia injini za maboti.

"Alikuwa hajui, ni kweli," akasema. "Lakini ile ya ndugu hakuitunga yeye. Nilimpelekea samaki, ngege wawili wakubwa, nikamwomba aiseme."

Nikamuuliza aliitungia nini.

"Niliona begi lako chini ya kitanda cha dani, omera, ndugu yangu. Sikujua nianzie wapi."

Baadaye, kwa kutafuta njia ya kucheka, nikamwambia angalau tulilia watu wengi siku hiyo. Ouma akasema hapana, nililia peke yangu. Wengine walikuwa wanalalamika mbona leo maneno ni mengi na ngumi ni chache.

Basi nimekubali, filamu ni mbaya, na wachambuzi wa Achieng wako sahihi. Lakini nawatazama vijana wetu, kila mmoja ana simu ya kumfikia mwenzake popote alipo, na wakikosana wanaondoana kwenye grupu, habari ikaishia hapo. Sisi hatukuwa na simu, na kusema "nisamehe" kulitushinda kabisa. Ila mimi nilikuwa na kaka ambaye, aliposhindwa kunisemesha langoni, alikwenda akaliweka neno lake kinywani mwa Mmarekani, kisha akaketi benchi la nyuma kutazama kama nitalisikia.