Kizibao cha Baridi

Idil alipotangaza kwamba atamtengenezea mama yake baridi ya kuvaa, nyumba nzima ilicheka isipokuwa mama mwenyewe. Kaha hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa ameanguka kwa joto sokoni Garissa, katikati ya madumu yake ya maziwa ya ngamia, na Abshir, mwanawe mkubwa, alikuwa ameshakata shauri: akianguka tena, biashara basi, atakaa nyumbani. Kumweka Kaha nyumbani! Mwanamke aliyelea watoto wote kwa maziwa yale, na ambaye siku asipopiga soga na wenzake sokoni hukosa hata usingizi.

Basi Idil, mwanafunzi wa umeme katika chuo cha ufundi, akajifungia karakanani. Alishona kizibao chenye mifuko ya sifongo za kulowekwa maji, akakitia feni mbili ndogo na betri ya kuchajia simu. Feni inapuliza, maji yanakauka, mwili unapoa. Wenzake walikivaa juu ya ovaroli wakigombania zamu, na mwalimu alikaa nacho mpaka kengele ikalia. Idil akaenda nyumbani kichwa juu.

Siku ya kwanza ya kukivaa, Kaha alirudi kutoka sokoni amelowa chapachapa, uso umemwiva.

"Hooyo," alimwambia bintiye, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa neno lilelile analoitwa yeye, "umepika supu, na nyama ni mimi."

Abshir alikohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda. Idil alitamani kulia. Kisha akamtazama mama yake akivua jilbabu, lile vazi pana lililomfunika kutoka kichwani hadi miguuni, akajipiga paji la uso. Feni zilikuwa zikizungusha hewa ileile ya moto ndani ya nguo. Yeye mwenyewe, Idil, alikuwa akivaa jilbabu tangu utotoni, na katika hesabu zake zote hakulikumbuka hata mara moja.

Akafumua kila kitu. Safari hii feni zilivuta hewa chini penye pindo, zikaipandisha mgongoni kwa mrija mpana, ikatokea shingoni.

Adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, Abshir alikwenda sokoni kumchukua mama yake. Alimkuta jilbabu limetuna kama hema lililoingia upepo, akibishana na mteja kwa sauti ya msichana. Saynab, muuza maziwa mwenzake, alikuwa amemwinamia shingoni ili aambulie ile hewa. Idil, aliyechutama kando na bisibisi mkononi, alimtazama kaka yake roho mkononi.

"Twende nyumbani, hooyo," Abshir alisema. "Jua limekuwa kali."

"Jua lipi?" Kaha aliuliza. "Ukifika nyumbani niletee shali. Nasikia baridi mabegani."

Abshir akaenda kuileta. Idil alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya dumu tupu.