Boga la Bwana Mkubwa

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na kazi mbili, moja ya kulipwa na nyingine ya kushukuriwa tu. Hiyo ya pili ni kutibu wanyama wa watu. Paka mwenye mchubuko alioshwa kwa maji ya chumvi, mbwa mwenye nyayo zilizopasuka akapakwa mafuta ya nazi, na aliyezidiwa akapelekwa mbio kwa daktari wa mifugo, maana mwanamke huyu hakuwa na makuu. Mtaa mzima ulimsifu, isipokuwa mama mkwe wake, na huyo ndiye aliyeishi naye nyumba moja.

"Dawa za jikoni!" mama mkwe alibeza, akimkumbatia Bwana Mkubwa, mbwa wake mzee mwenye tumbo kama mto. Bwana Mkubwa alikuwa hajapata choo tangu juzi. "Mbwa wangu si kitambaa cha kujaribia mkasi. Nikirudi jioni nikimkuta bado kafunga, anahamia kwa wifi yako. Kule daktari yuko mlango wa pili."

Fundi hakutaka hilo hata kidogo. Mbwa yule alilala juu ya mguu wake kila aliposhona. Bila joto lake asingeweza hata kupinda pindo. Mama mkwe alipotoka tu, alichemsha boga, akaliponda bila chumvi wala sukari, akamlisha kijiko. Kisha akakaa kwenye cherehani kumalizia gauni jipya la mama mkwe, akikanyaga na kumwomba Mungu.

Hapo ndipo alipokosea. Cherehani yake ilipiga kelele hata ungeingia na tarumbeta asingekusikia. Hakumsikia mumewe, kinyozi, akipita nyuma yake kwenda jikoni. Hakumsikia wifi yake aliyekuja kusalimia. Sufuria ya boga ilikuwa pale mezani jikoni, mbwa siku hiyo amelala chini yake, na nani mle ndani hakujua dawa ya boga? Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Jioni mama mkwe akarudi, akavaa gauni, nalo likamkaa barabara. Alijizungusha mbele ya kioo, akasahau kununa, akambeba Bwana Mkubwa ili naye ajione. Tumbo la mbwa likanguruma. Fundi alifungua mdomo kuonya, akachelewa.

Heshima yako msomaji inanizuia kueleza. Niseme tu kwamba gauni lilibadilika rangi kuanzia kifuani, na Bwana Mkubwa akaruka chini, akazunguka chumba mbio, mkia juu, kijana upya.

"Mimi nilimpa kijiko tu," kinyozi alijitetea.

"Hata mimi," wifi akanong'ona. "Nilimwonea huruma."

Fundi alijishika kichwa. "Mungu wangu! Mara tatu?"

"Nne," alisema mama mkwe.

Wote wakamgeukia. Alisimama wima, gauni likichuruzika, midomo ikimcheza.

"Nilimchemshia alfajiri, mkiwa mmelala. Mnanikodolea macho ya nini? Nimwache ateseke, na dawa naijua?"

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko, wifi akaketi sakafuni, hoi.

"Kwa hiyo hahami, mama?" fundi aliuliza.

"Ahamie wapi? Hebu niletee ndoo, mwanangu, kabla halijanikaukia."

Mwanangu! Tangu aolewe alikuwa akiitwa mke wa kijana wangu. Fundi alikimbilia ndoo huku analia na kucheka kwa pamoja, na Bwana Mkubwa nyuma yake.