Kasha la Yaya

Mama hakutaka nilifungue kasha la kompyuta ya yaya, kaka yetu mkubwa, na mimi bila kasha lile sikuwa na kompyuta. Njo hapo ugomvi wetu ulianzia.

Watu walicheka kwanza. Mwalimu wa fizikia, mwanamke mzima mwenye mvi, anatafuta kompyuta ya kuchezea michezo! Wifi yangu aliniuliza kwa nini nisinunue frigo. Nilimjibu kwamba frigo bila umeme ni kabati la nguo, na kwamba zamu ya kupokea pesa za likelemba, chama chetu cha kuchangiana, ilikuwa yangu, si yake. Akanuna. Na anune.

Vipande nilivichagua kwa mfanyabiashara mmoja, mtu wa Kivu, mwenye duka karibu na soko hapa Kindu. Yeye huagiza vitu Goma, vinakuja na ndege. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukabishana mpaka chai ikapoa. Alitaka kuniuzia kadi kubwa ya picha, ile yenye feni tatu. Nikamwuliza umeme wake utatoka wapi. Nyumbani tuna paneli za jua na betri moja, na kadi ile ingeimaliza betri kabla sijamaliza mchezo wowote. Nikachagua prosesa inayotoa picha yenyewe, bila kadi, na pesa iliyobaki nikaitia kwenye memori na diski ya kasi. Kila kipande nilikiuliza bei, kisha nikauliza kinakula umeme kiasi gani.

"Madamu, unachagua sawa muntu ananunua samaki," alinitania.

"Ndiyo. Ninaangalia matamvua kwanza. Hautaniuzia iliyooza."

Alicheka, lakini tulipofika kwenye kasha alitikisa kichwa. "Kasha njo litakuumiza. Ndege inapima ukubwa, madamu. Utalipia upepo tu. Hamuna kasha la zamani kule nyumbani? Ya zamani chuma yake ni nzuri, na matundu ya skrubu ni yaleyale."

Tulikuwa nalo.

Yaya alikuwa akiwaandikia watu karatasi zao: barua za kuomba kazi, kadi za arusi, malalamiko ya viwanja. Mashine yake ilikaa sebuleni, ikiendeshwa na jenereta ndogo iliyomtapikia jirani moshi. Wateja wakiisha na mafuta yakibaki, aliniita. Nilikaa juu ya bidoni ya mafuta iliyopinduliwa nikaendesha gari jekundu kwenye skrini, nikigonga kila ukuta. Kabla ya kuwasha alilipiga kasha makofi mawili na kusema, "Amuka, muzee!" Mimi nilicheka hadi kwikwi.

Kisha vita. Mji ulizungukwa, mashamba yakawa mbali ingawa tuliyaona, na muhogo ukawa hadithi. Mimi na mdogo wangu tulikula majani ya viazi bila chumvi. Siku moja askari waliingia kwetu wakabeba redio, godoro, sufuria, na skrini ya yaya. Walikuwa wawili, wameikumbatia polepole kama watu wanaobeba mgonjwa, maana waliamini skrini njo kompyuta yenyewe. Kasha walilipiga teke wakaliacha. Walipoondoka, yaya alicheka mpaka akakaa chini. "Wamebeba uso, wameacha kichwa!" Ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Baada ya muda alichukua baiskeli, akaenda Kibombo kutafuta mchele. Hakurudi. Hakurudi yeye, haikurudi baiskeli. Mmoja alisema alimwona kijiji cha Tunda, mwingine akasema hapana, yule alikuwa mtu mwingine. Mama aliwapa wote chai.

Kwetu, mtu akifa husomewa hitima, na baada ya hitima nguo zake hugawanywa na vitu vyake hufunguliwa. Lakini yaya hatukumwona maiti. Baba mudogo alikuja kila mwaka kuomba tumsomee, na kila mwaka mama alimjibu vilevile: "Mutoto wangu iko mu safari." Kwa hiyo mashati yake yalining'inia mpaka mende wakayamaliza, na kasha lilikaa pembeni mwa chumba, limefunikwa kitenge. Kila Idi mama alilibadilishia kitenge. Kila Jumamosi alilibeba, akalipanguza, akalisogeza pale paa lisipovuja. Hakuruhusu mkono mwingine uliguse. Nilipotaka kumsaidia alinifokea, "Acha! Ni muzito, itakuvunja mugongo."

Chumba kile njo nilikolala mimi. Niseme kweli, nililiogopa kasha lile kuliko nilivyowaogopa askari. Askari waliondoka. Kasha lilibaki likinitazama na kitenge chake, na mimi nikiwa mtoto niliamini yaya yumo ndani amejikunja, anangoja mtu ampige makofi mawili. Nilisikia likinguruma. Hata sasa, jenereta ya jirani ikizima ghafla, ninabaki nimesimama na kijiko mkononi, ninasikiliza.

Nilijua basi ninaomba nini nilipoliomba. Kuomba kasha ilikuwa ni kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa. Niliomba hivyohivyo. Njo nilivyo, mdomo wangu haulali.

"Unataka kumuzika kaka yako sababu ya michezo?" mama aliniuliza.

"Nani anamuzika? Si wewe umemufungia mu kasha miaka yote hii!"

Astaghafirullah. Neno likitoka halirudi. Mama aliinuka akaenda jikoni, na tangu siku hiyo akawa ananiwekea sahani mezani bila salamu. Mimi nami nikakaza shingo. Nilimpenda yaya pia, nani alisema uchungu ni wa mama peke yake?

Vipande vilifika. Nikaamua kuvifunga juu ya kipande cha mbao tupu, kasha litakaa na mwenyewe. Nilikuwa nimeketi mezani na bisibisi mkononi, jua limepanda, kuku wakipitapita mlangoni, nikiwaza vumbi la Kindu litaimaliza mashine kwa muda gani. Mama alisimama akiniangalia. Aliingia chumbani.

Alitoka amelibeba kasha na kitenge chake. Amelibana kwapani kwa mkono mmoja.

Niliuona mkono ule mmoja. Mama ni mzee, nyonga yake mbovu, ndoo ya maji hawezi kuivusha ua. Akaliweka juu ya meza, akavuta kitenge, akakikunja vizuri.

"Fungua," alisema.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, nikazipaka mawese. Kifuniko kilitoka kwa kelele iliyonisimamisha nywele. Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na ubao mama wa mashine, wala diski, wala hata waya. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo kwenye pembe moja. Basi.

Nilidhani tuliibiwa. Niligeuka nimshike mama asije akaanguka, lakini yeye hakuwa akitazama ndani ya kasha. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilijua," alisema. "Iko tupu tangu siku aliendaka."

"Mama?"

"Njo mimi nilimutuma. Mulikuwa munalia njaa, wewe na mudogo wako. Kule Kibombo kulikuwa muchuuzi mumoja, alikuwa anatafuta vyuma vya namna ile, alisema atatoa muchele. Kaka yako alikataa. Akaniambia, mama, hii njo kazi yangu. Nikamwuliza, kazi inaliwa?" Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kasha. "Akatoa vyote, akavifunga mu nguo, akarudisha kifuniko. Hakunisemesha tena. Asubuhi akaenda. Mungefungua, mungeuliza vitu viko wapi. Ningewajibu nini?"

Kwanza nilikasirika. Naam, nilikasirika, kwa sababu maisha yangu yote nilidhani analinda kurudi kwa mwanawe, na ningeweza kuuheshimu upofu wa namna hiyo. Kumbe alikuwa akilinda kifuniko. Kila Jumamosi alilinyanyua, likawa jepesi mikononi mwake, akalirudisha chini, akatuambia ni zito. Kisha hasira ikaniisha. Nilikumbuka majani ya viazi. Nilikumbuka nani alikuwa akililia wali. Nilimshika mama mabega, na yalikuwa membamba kuliko nilivyojua.

"Weka vitu ndani," alisema. "Nimechoka kupanguza kitu tupu."

Nikaviweka. Mfanyabiashara hakudanganya, matundu yalikuwa yaleyale. Niliwatoa nyigu na nyumba yao, nikafunga ubao mama, nikapitisha nyaya pale vidole vya yaya vilipopita. Mama aliketi juu ya bidoni, kitenge mapajani, akinipa skrubu mojamoja kila niliponyoosha mkono. Hakuuliza hiki ni nini wala kile ni nini. Nikarudisha kifuniko, nikaunganisha skrini niliyonunua kwa mtu, nikachomeka kwenye betri.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nililipiga kasha makofi mawili. Yale maneno hayakutoka.

Feni ikaanza kuzunguka. Ilikuwa sauti ileile niliyoisikia gizani nikiwa mtoto, nami nilitetemeka mchana kweupe, kuku wakinitazama. Skrini iliwaka lakini mama hakuiangalia. Alinyoosha kiganja akakiweka juu ya kifuniko, vile anavyompima mtoto homa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Iko moto," alisema.

Nilitaka kumwambia ni kawaida, mashine zote hupata joto. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu ya kasha na mwingine umeshika kitenge.

"Tuma muntu kwa baba yako mudogo," alisema. "Waje na shehe, wamusomee hitima."

"Lini, mama?"

"Kesho. Leo uiache iwake."