Mashungi ya Bibi

Homa ya matumbo iliniacha hai, ila nywele zangu zilikwenda nayo. Kichwa cha msichana wa kuposwa kikabaki na vinywele vya kushika kwa kucha. Harusi ya binamu yangu ilipokaribia, pale mtaa wa Kuze, shangazi aliazimia nisijifiche ndani. Wasichana wa mtaani wakati ule walikuwa wameshikwa na mtindo wa mabibi zao: mashungi mawili marefu hadi kiunoni, yamepambwa kwa asumini.

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa ameshafariki. Katika uhai wake hakutupa nywele zilizobaki kwenye kitana, alizifunga kitambaani. Shangazi alizifungua, nyeupe na nyeusi zimechanganyika, akazipaka hina, kisha rangi ya nili, zikawa nyeusi ti. Akazisuka pamoja na vinywele vyangu na kuzikaza kwa uzi. Kiooni nilimwona msichana mwingine, nami nikampenda.

Ukumbini wanawake walinisifu, nami nikitabasamu. Mama mmoja wa Kibokoni, ambaye sote tulijua anamtafutia mwanawe mchumba, akaniketisha ubavuni pake. Akaniuliza hali ya wazazi huku akilipapasa shungi langu la kulia, kama apimaye kitambaa dukani. Shungi likabaki mkononi mwake.

Alilificha upesi ndani ya leso yake, akanishika mkono hadi chumba cha ndani. Nikamweleza habari ya homa, macho nimeyainamisha. Jasho lilikuwa limeitoa nili. Kiganja chake kilikuwa cheusi.

"Maradhi si aibu, mwanangu," alisema, akalifunga shungi upya, polepole, kama anayemsuka bintiye.

Lau angenicheka, ingekuwa nafuu.

Baada ya siku kidogo posa ya mwanawe ikaja. Baba alifurahi, akaja kuniuliza, nikasema sitaki. Alipotaka sababu niliinuka nikaingia ndani. Kijana mwenyewe nilishamwona akipita, na sikumwona na ila. Nisiloliweza ni kuingia nyumba ile, na kila asubuhi kumwamkia mwanamke aliyekiona kichwa changu.

Nywele ziliota zikafika mabegani. Kijana akaoa kwengine. Siku moja nilikutana na mama yule njiani, karibu na soko. Akasimama, akaniita mwanangu kama siku ile. Nikavuta buibui usoni, nikapita kama simjui.